Ukurutu

Gome lilikuja ndani ya mfuko wa sembe,
limefungwa kwa kamba ya katani.
Bi Sikudhani, mwenye kibanda cha mitishamba
upande ule wa Kariakoo wanakouza ndoo na mashuka,
aliniuzia bila kuniambia jina la mti.
Nikauandikia namba: 41.

Maabara yetu iko Upanga, ghorofa ya pili,
kiyoyozi kinakohoa, jokofu linatoa machozi
kila umeme ukikatika.
Kanuni iko ukutani kwa wino mwekundu:
OSHA. KAUSHA. SAGA. LOWEKA.
Nikaosha.
Gome lilikuwa na ukurutu wa kijivu
kama kiwiko cha mtoto mwezi wa Julai.
Nikaukwangua kwa wembe, nikaumwaga kwenye sinki,
nikafungulia maji.

Siku tatu kwenye spiriti. Ya nne, kwenye sahani
yenye bakteria waliotoka kwenye donda la mtu wodini,
jina halijaandikwa, mguu wa kushoto.
Asubuhi nikachungulia:
wamejaa ukingo hadi ukingo
kama wanunuzi mkesha wa Idi,
hawana habari na gome.
Dokta Rweikiza akaandika: hakuna kitu.
Kalamu yake haikusita.

Nikarudi Kariakoo
kama mtu anayerudisha kiatu kisichomtosha.
Bi Sikudhani alikuwa akipima unga wa mlonge
kwa kifuniko cha chupa. Hakuinua macho.
— Na ule ukurutu?
— Nimeukwangua. Ulikuwa uchafu.
Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.
— Umekula ganda, mwanangu, ukatupa ndizi.
— Hukuniambia.
— Hukuniuliza.

Jumamosi tukaenda Pugu kwa gari la ofisi.
Njiani Mashauri, dereva, akauliza
kama wanavyouliza madereva wote:
Nani anataka kuchimba dawa?
Na kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya usukani
watu wawili wakashuka na panga na mfuko.

Huko vilimani, ambako moshi wa mjini unafika umechoka,
miti imevaa ukurutu hadi makwapani.
Vitabu vinauita kuvumwani:
nusu kuvu, nusu mwani, ndoa isiyo na kadhi,
mmoja anajenga nyumba, mwenzake anapika jua.
Hauna mzizi, hauna ua,
hauna pa kukimbilia mdudu akija,
basi umejifunza kuwa mchungu.
Uchungu huo ndio tunaoulipia nauli.
Bi Sikudhani anauita nguo ya mti.
Alikwangua upande mmoja tu, akafunga mfuko.
— Mtu humvui zote.
Kisha akadai posho ya siku nzima, taslimu.

Safari hii sahani ilitoa duara.
Duara tupu, safi, upana wa sarafu ya mia mbili,
bakteria wamesimama pembeni kama waliokatazwa.
Nikapiga picha. Nikaita watu.
Dokta Rweikiza alivua miwani, akaivaa tena.
Halafu, kwa kuwa kazi haiishii hapo,
nikadondosha tone lilelile kwa uduvi
waliototolewa usiku chini ya taa,
wadogo kuliko nukta inayofunga mstari huu.
Kumi kila chupa.
Alfajiri nikahesabu wanaoogelea:
wawili. Mmoja.
Chupa ya tatu maji yametulia.

Nikampigia simu. Nyuma yake soko linapiga kelele,
mtu ananadi vyandarua.
— Unapochemsha, maji ya kwanza unayamwaga?
Sikujibu.
— Haya, poleni na wadudu wenu.
Na kwenye hizo karatasi zenu, kijana,
jina langu linakaa mstari wa ngapi?

Simu ikakatika, au aliikata.
Nikatazama ukutani: maneno manne,
na juu ya lile la kwanza
nafasi nyeupe, upana wa kiganja.
Nikatafuta kalamu ya wino mwekundu.
Nikavuta kiti.